Anza na jibu: maswali yenu kuhusu Mario wa karatasi

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja, nami nimeamua kuufuata. Gemu mnayoiuliza ni Paper Mario: The Origami King, ya mashine ya Nintendo Switch, iliyotoka Julai 17, 2020. Imetengenezwa na kampuni ya Intelligent Systems ya Japani. Dunia yake yote ni karatasi: miti, bahari, milima, hata Mario mwenyewe, shujaa wa gemu, ni kipande bapa kama picha iliyokatwa gazetini. Kwa wasomaji wapya, mimi ni mwalimu wa hisabati mstaafu, nakaa Ipagala, Dodoma, na jioni nacheza na wajukuu. Naipenda gemu hii na nitaitetea pale inapostahili kutetewa.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano anakwenda kwa binamu yake Area D kila Jumamosi kucheza hiyo gemu ya makaratasi. Siku moja nimemfuata, nikaona binti mfalme mwenye macho ya kutisha na watu waliokunjwakunjwa. Ni gemu ya mtoto kweli? Mama wa Nkuhungu.*

Marahaba, mama. Ulichokiona ni mwanzo wa hadithi, na ndio sehemu inayowashtua watoto wengi. Mario na ndugu yake Luigi wamealikwa kwenye sherehe ya origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Wakifika wanakuta mji kimya, na Binti Mfalme Peach ameshakunjwa. Anaongea kama aliyepagawa, sura haina uhai. Aliyemkunja ni Mfalme Olly, ambaye anataka kila kiumbe bapa kigeuzwe cha mikunjo kama yeye. Ngome nzima ya Peach ameizungushia riboni tano ndefu za rangi na kuihamisha. Kazi ya Mario, akiwa na Olivia, dada yake Olly huyohuyo, ni kuzifuata riboni moja baada ya nyingine na kuziondoa.

Damu hakuna. Anayepigwa anageuka vipande vya karatasi za rangi, konfeti zile za harusini, na Mario anaziokota ili azibe matundu yaliyochanika ardhini. Matusi sijayasikia. Ila nakuambia wazi mambo mawili. Kuna mhalifu ambaye ni mkasi, na anachowafanyia watu wa karatasi ni hichohicho unachokifikiria. Na kuna rafiki mmoja wa safari ambaye anajitoa uhai kwa ajili ya mwenzake. Sitamtaja, maana mwanao huenda hajafika. Mjukuu wangu mkubwa alizima mashine akaenda kukaa nje, na mimi mwenyewe nililia. Sioni kosa mtoto kulia kwa sababu hiyo. Ila siku atakapofika hapo asiwe peke yake, awepo mtu mzima wa kumwambia ni sawa kuhuzunika.

*

*Mwalimu, habari za kazi. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka wa pili. Kwenye bao nawasumbua wazee pale Nyerere Square, lakini kwenye vita vya hii gemu muda unaniishia kila mara, nazungusha pete ovyo tu hadi kengele inalia. Nifanyeje nione mpangilio mapema? Mwanafunzi wa bao.*

Mwanangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza tuwaeleze wengine. Vita vya gemu hii havihitaji vidole vyepesi. Mario anasimama katikati ya duara. Kumzunguka kuna pete nne, moja nje ya nyingine, na kila pete imegawanywa vyumba 12. Jumla vyumba 48. Adui wametawanyika humo. Kabla hujapiga unapewa hatua chache, mara nyingi mbili au tatu, za kuwapanga. Hatua ni za aina mbili tu: kuzungusha pete, au kuvuta safu inayotoka katikati kwenda nje. Ukiwapanga wanne kwenye mstari mmoja, unawakanyaga wote kwa viatu. Ukiwapanga wawili kwa wawili, mraba mbele yako, unawaponda kwa nyundo. Ukipatia mpangilio, nguvu ya pigo inaongezeka kwa nusu. Ukikosea wanabaki wamesambaa, nawe utapigwa.

Bao limekufundisha kufikiria mpinzani atajibu nini. Hapa hakuna wa kukujibu. Duara limetulia, linakusubiri, na kinachokimbia ni saa peke yake. Ndiyo maana mazoea ya bao yanakuchelewesha: unacheza hatua ya kwanza ili uone itakuwaje. Hebu tuhesabu kama unaweza kufika kwa kubahatisha. Pete moja unaweza kuizungusha kwa namna 11, na ziko nne, hivyo namna 44. Safu zinavuka katikati kwenda upande wa pili, kwa hiyo kuna mistari sita ya vyumba vinane, na kila mmoja unasogezwa kwa namna saba. Hizo ni 42. Hatua moja tu ina chaguo 86. Hatua mbili, chaguo 7,396. Hatua tatu, 636,056. Hakuna kidole kitakachozijaribu hizo kabla kengele haijalia.

Anza na jibu. Usiguse kitu. Hesabu adui kwanza: wakiwa wanane, jua ni makundi mawili ya wanne. Halafu tafuta kundi ambalo limekaribia kuwa mstari au mraba, na ujiulize ni nani hayupo nyumbani kwake. Huyo ndiye wa kusogeza. Waliokwisha kukaa vizuri waache.

Chukua karatasi, tufanye mmoja. Vipe vyumba namba kama uso wa saa ya ukutani, 1 hadi 12, na pete tuziite ya 1 kwa ya ndani kabisa hadi ya 4 kwa ya nje. Kwenye safu ya 3 kuna adui pete ya 1, ya 2 na ya 4. Kwenye safu ya 5 yuko mmoja, pete ya 3. Kwenye safu ya 7 wako wawili, pete ya 1 na ya 2. Kwenye safu ya 8 wako wawili, pete ya 3 na ya 4. Jumla wanane, na una hatua mbili.

Umeona? Safu ya 3 inamdai mmoja tu, na yule wa safu ya 5 yuko pete ileile inayodaiwa. Na wale wawili wa safu ya 7 wamekaa kama nusu ya mraba. Nusu ya pili iko safu ya 8, ila imesimama mbali na Mario. Kwa hiyo jibu ni mstari kwenye safu ya 3 na mraba kwenye safu ya 7 na 8.

Sasa utaratibu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukianza kuzungusha pete ya 3 nafasi mbili, yule wa safu ya 5 atafika nyumbani kweli. Lakini pete ya 3 inambeba na yule wa safu ya 8, naye anatupwa safu ya 6. Mraba umevunjika na hatua iliyobaki moja haitoshi kuurudisha. Fanya kinyume. Anza na kuvuta safu ya 8 kuelekea katikati nafasi mbili: wale wawili wanatoka pete ya 3 na ya 4, wanaingia pete ya 1 na ya 2. Mraba umekamilika. Na tazama, pete ya 3 sasa imebaki na mtu mmoja tu, yule wa safu ya 5. Izungushe nafasi mbili kurudi safu ya 3. Umemaliza, na muda umebaki.

Usisahau upande wa pili. Ukivuta safu ya 8, safu ya 2 nayo inasogea, maana ni mstari mmoja unaopita katikati. Ongeza au punguza sita, utapata mwenzake. Hapo juu safu ya 2 ilikuwa tupu, ndiyo maana hatukuumia. Ingekuwa safu ya 9 ndiyo ya kuvutwa, ungelivuruga kundi la safu ya 3 ambalo ulikuwa hujalifikiria kabisa.

Kama muda bado haukutoshi, nunua. Sarafu zipo kwa kazi hiyo, na gemu inazimwaga kila unapopiga nyundo. Pia wale Toad, watu wa vichwa vya uyoga unaowaokoa njiani, wanakaa jukwaani kutazama. Ukiwarushia sarafu wanawatupia adui vitu, wanakurudishia uhai, na hata wanakusogezea pete kuelekea jibu. Kwa mwezi wa kwanza watumie bila aibu. Baadaye utaona huwahitaji.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi vita vidogo naviweza, lakini mabosi, wale adui wakubwa, wananishinda. Mario yuko nje, bosi yuko katikati, mishale kila mahali. Nimekwama kwa selotepu. Kijana wa Manyoni.*

Marahaba. Mabosi wa riboni ni vifaa vya mezani pa mwalimu: penseli za rangi, raba bendi, mashine ya kutoboa karatasi, selotepu na mkasi. Stepla pia imo, ila hailindi riboni. Niliposhika chaki miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba kwa kiumbe wa karatasi hivi ndivyo vitu vya kuogopwa kuliko simba. Waliobuni wazo hili walikaa wakafikiri. Ile mashine ya kutoboa, kwa mfano, inawatoboa Toad nyuso zao wakabaki wanatembea bila sura, na ikikutoboa wewe, kiwango cha juu kabisa cha uhai wako kinapungua. Ni jambo ambalo mashine ile ingelifanya kweli.

Kwa bosi duara limegeuzwa: wewe unatoka nje kuingia ndani, ukifuata mishale iliyochorwa sakafuni, na unasimama pale ulipo mchoro wa kushambulia. Usianzie miguuni kwa Mario. Anzia kwenye mchoro wa kushambulia, kisha uulize: ni mshale gani unaoingia hapa? Na huo unaingizwa na upi? Rudi nyuma hivyo hadi ufike pete ya nje. Ukitoka nje kwenda ndani kila mshale unakupa njia mpya ya kupotea. Ukitoka ndani kwenda nje, mshale mmoja unakupeleka kwa mmoja.

Na selotepu: anazinata pete pamoja, ukizungusha moja nyingine inafuata. Zichukulie zilizonatana kama pete moja nene, tafuta njia kwa zile zilizo huru kwanza. Bahasha ukiziona chumbani, zipitie. Zina vidokezo, na kwa bosi mpya kidokezo kina thamani kuliko pigo moja.

*

*Mwalimu, mimi ni fundi simu hapa Sabasaba. Hii gemu nimeinunua kwa kusifiwa, lakini mbona kupigana hakuna faida? Sipandi daraja, sipati pointi. Nawakwepa tu. Nakosea?*

Hukosei, kaka, na sitakuficha: hilo ndilo tundu kubwa la gemu hii. Paper Mario ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani mwaka 2000 na Marekani mwaka 2001, ilikuwa na pointi za nyota. Ukifikisha 100 unapanda daraja, unachagua uongeze uhai, nguvu za maua au nafasi za beji. Ya pili, The Thousand-Year Door ya mwaka 2004, ilifuata njia hiyo. Kuanzia Sticker Star ya mwaka 2012 wakaacha kabisa. Hapa unakua kwa kuokota mioyo ya kuongeza uhai, nayo unaipata kwa kutembea na kuchungulia, si kwa kupigana.

Bado nakushauri usiwakwepe wote. Viatu na nyundo nzuri zinavunjika, na za kununulia nyingine ni zile sarafu za vita. Zaidi ya hapo, utafika kwa bosi jicho lako halijazoea duara, na hapo utalaumu gemu kwa jambo ambalo lingetibiwa na vita vidogo kumi vya njiani. Mimi binafsi napigana kwa sababu napenda fumbo lenyewe, kama mtu anayepiga hesabu bila kutafuta maksi. Najua hiyo si sababu ya kila mtu. Ukitaka jasho lako lilipwe, The Thousand-Year Door imetengenezwa upya kwa Switch, ilitoka Mei 2024. Ndiyo nitakayokupa ukija kuniuliza uso kwa uso.

*

*Mama mdogo, wanangu Kiingereza chao ni cha kuungaunga. Hii gemu ina maneno mengi mno. Niiache? Mzazi, Kizota.*

Usiiache. Kiswahili hakimo, ni kweli, na wahusika hawaongei kwa sauti, ni maandishi juu ya maandishi. Utani wake mwingi umo humo humo kwenye maneno. Kwetu tunafanya hivi: mmoja anashika padi, mwingine anasoma kwa sauti, na mimi natafsiri pale wote wawili wakitoa macho. Gemu haikimbizi maandishi. Yanasubiri mpaka ubonyeze. Na duara la vita halina lugha kabisa. Mtoto wa miaka saba ambaye hajui neno lolote atakuonyesha kwa kidole adui yupi yuko mahali pasipo pake.

*

*Mwalimu habari. Sina Switch, nina PS4. Kuna gemu ya karatasi kwa ajili yetu? Ihumwa.*

Ipo, Tearaway Unfolded, ya mwaka 2015, ya kampuni ya Media Molecule ya Uingereza. Vita vyake si mafumbo ya pete, usitegemee hilo. Lakini karatasi yake ni nzuri ajabu, inakunjuka na kuchanika kama karatasi kweli, na ina jambo moja ambalo Mario hana: ukipiga picha vitu vyeupe unavyovikuta ndani ya gemu, unapewa ramani yake ya kuchapa, ukate, ukunje, ugundishe, uwe nacho mezani. Kwa mzazi mwenye printa au stesheneri ya jirani, hiyo peke yake inatosha.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nipo darasa la sita, Kondoa. Nimeiona hiyo gemu kwa simu ya kaka tu, kwenye video. Sisi hatuna mashine. Ile duara naweza kuitengeneza mwenyewe?*

Marahaba mjukuu wangu. Unaweza, na barua yako imenifurahisha kuliko zote.

Tafuta boksi pana, lile la sabuni au la biskuti, upate vipande viwili bapa vya sentimita 50 kwa 50. Kimoja kitakuwa kitako. Cha pili ndicho cha kukata. Bikari ya shuleni ni ndogo mno kwa kazi hii, kwa hiyo chomeka msumari katikati ya kipande cha pili, funga uzi, na mwisho wa uzi funga penseli. Chora duara kwa uzi wa sentimita 6, kisha 10, kisha 14, kisha 18, kisha 22. Uzi uwe umekazwa muda wote, la sivyo duara litakuwa yai.

Kugawa sehemu 12 hakuhitaji protrakta. Chukua duara la nje. Weka uzi uleule wa sentimita 22 kwenye ukingo, weka alama unapofika, hamia hapo, weka tena. Ukizunguka utakuta umerudi mwanzo baada ya mara sita kamili, kwa sababu nusu kipenyo huingia mara sita ndani ya duara lake. Sasa gawa kila sehemu katikati, unapata 12. Kila alama iunganishe na tundu la msumari kwa mstari ulionyooka. Zipe sehemu hizo namba kwenye ukingo wa nje ya duara kubwa, ili namba zibaki mahali pake pete zikizunguka.

Kata sasa, taratibu, mtu mzima akusaidie na wembe au kisu. Utapata duara dogo la kati, pete nne, na fremu ya nje. Gundisha duara la kati na fremu juu ya kitako. Pete nne usizigundishe. Zilaze baina yao. Duara la kati na fremu vitazizuia zisitoke, nazo zitazunguka kwa kidole. Zikikwama, sugua kingo kwa msasa au kwa ukuta. Kama unafanyia kazi nje, subiri upepo utulie, najua ulivyo huko kwenu miezi ya kiangazi.

Adui ni vizibo vya soda. Vyumba vya pete ya ndani vina upana wa kama sentimita 4, kizibo kinaingia bila kubanana. Kuzungusha pete ni rahisi, vizibo vinabebwa. Kuvuta safu itabidi uhamishe vizibo kwa mkono, chumba kwa chumba, na ukumbuke kanuni ya upande wa pili: kinachoishia katikati kinatokea safu iliyo mkabala, na kinachozidi pete ya nje upande mmoja kinaingilia pete ya nje ya upande mwingine wa mstari uleule.

Sasa jinsi ya kumtungia mwenzako fumbo. Usitawanye vizibo ovyo, utatunga fumbo lisilo na jibu na mtagombana. Anza na vizibo vinane vikiwa vimekaa sawa: vinne kwenye mstari mmoja, vinne kwenye mraba wa pete ya 1 na ya 2. Kisha vuruga kwa hatua mbili. Kwa mfano zungusha pete ya 2 nafasi tatu, halafu vuta safu moja nafasi mbili. Andika ulichofanya nyuma ya daftari. Mwenzako ana hatua mbili za kurudisha. Fumbo la namna hii lazima lina jibu, kwa sababu jibu lake ni hatua zako mwenyewe zikirudishwa kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Mkizoea, vurugeni kwa hatua tatu na vizibo 12. Muda pimeni kwa kuhesabu kwa sauti hadi 60, wa kuhesabu awe mtu wa tatu ambaye hachezi zamu hiyo.

Ukimaliza kulitengeneza, nitungie fumbo moja la hatua mbili. Andika kila kizibo kiko safu ya ngapi na pete ya ngapi, jibu liweke kwenye karatasi tofauti. Nitalichapa hapa mwezi ujao, na huyo mwanafunzi wa bao wa UDOM atakuwa wa kwanza kulipewa.